Glenn Millikan

Glenn Allan Millikan (1906 – 1947) alikuwa mwanafiziolojia kutoka nchini Marekani. Baba yake, Robert Andrews Millikan, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1923.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitengeneza kifaa cha kubana sikioni ili kuwalinda marubani wasizimie angani kwa kukosa oksijeni. Kilipitisha mwanga kwenye ndewe, kwa kuwa damu yenye oksijeni kidogo hufyonza zaidi mwanga mwekundu. Alikiita oksimita.

Alifariki katika ajali ya kupanda miamba huko Tennessee. Leo oksimita za kidoleni hutumika kwenye upasuaji, hata katika hospitali za vijijini kama Haydom wilayani Mbulu, ambako mgonjwa aliye usingizini hawezi kusema kwamba hewa haimtoshi.