Christopher Strachey, mwalimu aliyefundisha mashini kucheza dama

Jioni, mu mitaa ya Butembo na Beni, utakuta watu wamezunguka ubao wa dama, kete zao ni vifuniko vya chupa. Mchezo huo ndio ulimwingiza mwalimu mmoja wa Uingereza mu historia ya kompyuta. Hakuwa na mashini yake mwenyewe. Alikuwa na kalamu, karatasi na siku za likizo.

Christopher Strachey alizaliwa London tarehe 16 Novemba 1916. Baba yake, Oliver, alikuwa fundi wa kufumbua maandishi ya siri, na mama yake, Ray, alipigania wanawake wapate haki ya kupiga kura. Watu walitazamia makubwa kwa mtoto wa jamaa kama ile. Lakini pale chuo kikuu cha Cambridge, mu mwaka wake wa tatu, alizidiwa na mawazo mpaka akaugua. Alimaliza na diploma ya kiwango cha kawaida tu, na njia ya kuendelea na utafiti ikafungika. Akafanya kazi katika kampuni ya simu wakati wa vita, kisha kuanzia 1945 akawa mwalimu. Mu 1949 akaingia kufundisha katika shule ya Harrow.

Januari 1951, rafiki alimwonyesha kompyuta ya maabara ya taifa, iliyoitwa Pilot ACE. Zile siku, kompyuta za inchi nzima zilihesabika kwa vidole. Strachey akarudi nyumbani na wazo moja: kama dama iko na sheria, basi mashini inaweza kuzifuata. Akaandika amri moja moja kwenye karatasi, baada ya masaa ya kazi. Mwisho wa Julai akajaribu programu yake. Haikufaulu.

Hakuacha. Alisikia kwamba chuo kikuu cha Manchester kimepata mashini yenye kumbukumbu kubwa zaidi. Akamwandikia Alan Turing, ambaye walijuana tangu Cambridge, amtumie kitabu cha maelekezo, maana Turing ndiye alikuwa amekitunga. Strachey akaandaa programu ya amri zaidi ya elfu moja. Akapewa mashini usiku. Kulipokucha programu ilikuwa inatembea, na mwishoni mashini ikapiga wimbo wa taifa wa Uingereza. Mashini ile ilikuwa na kipaza sauti kidogo cha kutoa alama. Ukirudia mlio mmoja haraka haraka, inakuwa noti. Ukibadilisha mwendo, noti nayo inabadilika. Mwaka ule ule wa 1951, redio ya BBC ilikuja kurekodi nyimbo za mashini hiyo.

Mu 1952 dama nayo ikafaulu. Mashini ilitazama hatua kadhaa mbele, ikahesabu kete, ikachagua. Mutu akikawia kucheza au akikosea mara na mara, ilimwonyesha kwamba imechoka naye, na mwisho ikakataa kuendelea. Kisha Strachey akatunga programu ndogo ya kuandika barua za mapenzi: mashini ilichagua maneno kwa bahati nasibu na kuyapanga mu sentensi. Wengine waliona ni mchezo tu wa mutu mwenye nafasi.

Lakini michezo hiyo ndiyo iliyomtoa darasani. Juni 1952 aliajiriwa na shirika la serikali la kuendeleza uvumbuzi. Mu 1959, kwenye mkutano wa UNESCO mjini Paris, alieleza namna kompyuta moja inavyoweza kugawa wakati wake kati ya kazi mbalimbali. Mu 1965 akawa mkuu wa kwanza wa kikundi cha utafiti wa programu pale Oxford. Lugha ya CPL, aliyoisimamia pamoja na wenzake, ilizaa BCPL, ikafuata B, kisha C, lugha ambayo wanafunzi wengi wa informatike wanaijua hadi leo.

Strachey alifariki tarehe 18 Mei 1975, akiwa na miaka 58, juu ya ugonjwa wa maini. Diploma yake ilibaki ile ile ya kawaida. Mlango ulifunguliwa na programu ya dama iliyoandikwa kwa mkono, na mutu aliyekuwa anangoja zamu yake kwenye mashini ya wengine.