Maisha ya Louis Boutan, Mpiga Picha wa Chini ya Bahari

Louis Boutan alizaliwa mwaka wa 1859 katika mji wa Versailles, karibu na Paris, nchini Ufaransa. Alisomea elimu ya wanyama, na hasa wanyama wa baharini. Baadaye alifanya kazi katika nyumba ya uchunguzi ya Banyuls-sur-Mer, mji mdogo wa pwani ulio karibu na mpaka wa Hispania.

Siku zile mzamiaji alivaa vazi zito, kofia ya shaba yenye vioo, na viatu vya risasi. Hewa aliletewa kwa mpira kutoka chomboni, ambako wenzake walisukuma pampu. Wakichoka wale, maisha yake yamo hatarini. Boutan alizama hivyo mara nyingi, akaona mengi ya ajabu. Lakini alipotoka majini hakuwa na kitu cha kuwaonyesha wenziwe ila maneno matupu. Basi akaazimu kuleta picha.

Ndugu yake Auguste, aliyekuwa mhandisi, alimsaidia kubuni sanduku la shaba lisiloingia maji la kutilia kamera. Mwaka wa 1893 Boutan akashuka nalo, akapata picha zake za kwanza.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Sisi tuonao mito yetu wakati wa masika twajua jinsi matope yanavyozuia macho. Bahari nayo, hata ikionekana safi, imejaa chembe ndogo zinazotawanya nuru. Tena maji humeza mwanga kadiri mtu anavyozidi kushuka. Kwa sababu hiyo picha moja iliweza kumchukua Boutan hata nusu saa. Mawe na majani ya baharini hungoja, lakini samaki hangoji. Akipita mbele ya kamera kama hiyo, haachi hata alama.

Boutan hakukata tamaa. Kwanza ilitengenezwa chupa ya kioo yenye uzi wa magnesiamu ndani yake, uwake kwa nguvu za umeme. Uzi haukuwaka sawasawa, na pengine chupa ilipasuka. Ndipo fundi wa nyumba ile, Joseph David, akamsaidia kutengeneza taa nyingine. Walichukua pipa kubwa lililojaa hewa, wakaweka juu yake taa ya spiriti iliyofunikwa kioo. Mzamiaji akibonyeza mpira, unga wa magnesiamu ulipulizwa motoni, na mwanga mkali ukatokea ghafula.

Mwaka wa 1899 alimpiga picha mwanachuoni wa Rumania, Emil Racoviță, akiwa chini ya maji katika vazi la kuzamia. Akatumia pia taa za umeme, akapata picha katika kina cha meta 50. Na kwa kamera yenye kufumba upesi, penye maji haba na jua kali, hata samaki nao walinaswa pichani. Mwaka wa 1900 alitoa kitabu kilichoeleza kazi hiyo yote, ili wengine waendelee pale alipofikia.

Boutan alifariki mwaka wa 1934. Leo mzamiaji huchukua hewa yake mwenyewe mgongoni, na kamera yake huenea mkononi. Hata hivyo maji ya pwani yenye matope hayakubadilika. Apendaye kumpiga samaki picha humo hana budi kumkaribia sana, tena aweke taa yake kando, maana ikimulika kutoka mbele, zile chembe hung'aa na kumficha samaki.

Wenzangu, Boutan hakungoja bahari itakate ndipo aanze kazi. Aliyakubali maji kama yalivyo, akatafuta nuru ya kuyashinda. Nasi tukikutana na jambo gumu katika masomo yetu, tufanye vivyo hivyo. Mvumilivu hula mbivu.