Daktari Burkitt na Siri ya Uvimbe wa Taya

Mwaka 1968 mtoto wa shangazi yangu, huko Ishiara, Embu, alianza kulegea meno. Kabla mwezi haujaisha taya lilikuwa limevimba hata jicho likafunikwa. Majirani walinong'ona kwamba karogwa. Aling'olewa meno mawili, wala haikusaidia. Alikufa akiwa na miaka saba. Ni miaka mingi baadaye niliposoma habari za marehemu Daktari Denis Burkitt ndipo nikautambua ugonjwa ule.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 jiwe lilimpofusha jicho moja, lakini halikumzuia kuwa mpasuaji. Alikuja Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na kisha Mulago, Kampala. Hapo, mwaka 1957, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Haukupita muda akamkuta mwingine wa namna hiyo hiyo Jinja. Akaanza kuuliza.

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, safari ya maili 10,000, wakipita hospitali moja baada ya nyingine. Aligundua kuwa ugonjwa hufuata joto na mvua. Katika nchi za Ikweta, juu ya futi 5,000 ni nadra. Sisi wa Embu twalielewa jambo hilo upesi: baridi ya Irangi, mlimani, si sawa na joto la Ishiara na malaria yake.

Mwaka huo huo Burkitt alihutubu London, na Anthony Epstein akamsikia. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameona kirusi kipya ndani ya seli zake.

Seli, msomaji, ni kama nyumba yenye jiko, ghala na maagizo ya kazi. Kirusi hakina jiko; ni maagizo matupu ndani ya ganda, na hakiwezi kuzaana mpaka kiingie nyumba ya mwenzake. Kirusi hiki hukaa katika chembe nyeupe za damu za watu karibu wote duniani bila kuwadhuru. Lakini mtoto akiugua malaria mara kwa mara ulinzi wake hulegea, chembe hizo huzaana kupita kiasi, na moja ikivuruga maagizo yake hugeuka saratani.

Burkitt alipojaribu dawa, aliona uvimbe ukiyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Alifariki mwaka 1993.

Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mwaka 1968 dawa zilikuwa tayari zinatumika Kampala, na Nairobi pia. Kilichokosekana Ishiara ni mtu wa kutuambia. Basi mzazi, ukiona taya la mtoto linavimba na meno yanalegea, usimtafute mchawi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.