Kenyatta aliishi Lodwar miaka miwili, lakini mageuzi ya kilimo hayakufika Turkana

Maisha ya hayati Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha siasa: kesi ya Kapenguria, kifungo, kisha Ikulu. Hata hivyo, tangu utotoni hadi kifo chake, jambo lililomwandama kila alikokwenda lilikuwa ni ardhi na namna ya kuilima. Ndilo jambo linaloliunganisha jina lake na Turkana, kwa heshima na pia kwa deni.

Alizaliwa katika miaka ya 1890 huko Gatundu, akapewa jina la Kamau. Alifiwa na wazazi wake angali mdogo. Mwaka 1909 aliingia misheni ya Wascotland ya Thogoto, akajifunza kusoma, kuandika na useremala, na mwaka 1914 akabatizwa kwa jina la Johnstone. Katika miaka ya 1920 aliajiriwa na idara ya maji ya manispaa ya Nairobi, akawa akizunguka mjini kusoma mita.

Mwaka 1928 alishika wadhifa wa katibu mkuu wa chama cha KCA, kilichodai kurejeshewa Waafrika mashamba yaliyotwaliwa na walowezi. Alihariri pia gazeti la Muigwithania, lililowahimiza wasomaji wake wajiendeleze kwa elimu na kilimo. Mwaka uliofuata alisafiri kwenda London kuwasilisha malalamiko ya ardhi. Kitabu chake kuhusu maisha ya Wakikuyu, kilichochapishwa mwaka 1938, kiliieleza kwa kirefu sheria ya jadi ya kumiliki na kutumia shamba.

Vita Vikuu vya Pili vilimkuta Uingereza, akahamia kijiji cha Storrington, kusini mwa nchi hiyo. Huko msomi huyo aligeuka kibarua wa shambani. Alifanya kazi katika nyumba za vioo za kuoteshea mimea, akalima mboga na kufuga kuku. Kwa hiyo, kabla ya kuwa kiongozi wa taifa la wakulima, alikuwa ameonja kilimo cha kisasa kwa mikono yake mwenyewe.

Alirejea nyumbani Septemba 1946, na mwaka 1947 akachaguliwa kuwa rais wa chama cha KAU. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha wananchi, hasa wanawake, kuchimba makinga ya kuzuia mmomonyoko wa udongo katika mashamba ya Murang'a na kwingineko. Makinga hayo yalikuwa na faida kwa udongo. Lakini yalichimbwa kwa amri na bila malipo, katika maeneo yaliyosongamana watu, huku mashamba mapana yakiwa mikononi mwa walowezi. Hifadhi ya udongo ikachukiwa kwa sababu ya jinsi ilivyoletwa.

Oktoba 20, 1952, Kenyatta alikamatwa. Aprili 1953 mahakama ya Kapenguria ilimhukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Kwa sababu ya umri wake alipewa kazi ya kuwapikia wafungwa wenzake, miongoni mwao Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba.

Aprili 1959 alitolewa gerezani, lakini hakuachiliwa huru. Alizuiliwa Lodwar, mji ulio kando ya mto Turkwel, na mkewe, Mama Ngina, akaruhusiwa kuishi naye. Mkoloni aliichagua Turkana kwa sababu ilikuwa mbali, yenye joto kali, na sheria ilimzuia mgeni kuingia bila kibali. Kwa serikali hiyo, eneo hilo lilikuwa jela isiyohitaji ukuta.

Wenyeji hawakuiona nchi yao hivyo. Waturkana walihamisha mifugo kwa kufuata malisho, na wanawake wao walipanda mtama unaokomaa haraka katika vishamba vya kandokando ya mito, pindi mafuriko yalipopungua. Ulikuwa ukulima wa hesabu kali, kwa maana Lodwar hupata mvua ya milimita zipatazo 200 tu kwa mwaka. Kenyatta angali kizuizini, ukame wa 1960 na 1961 uliangamiza mifugo na kuwasukuma wafugaji wengi katika kambi za chakula cha msaada.

Aprili 1961 alihamishiwa Maralal, na Agosti mwaka huo akarejeshwa Gatundu akiwa huru. Alikuwa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni 1963 na Rais tarehe 12 Desemba 1964.

Katika uongozi wake kilimo kilipiga hatua kubwa. Mpango wa makazi ulioanza mwaka 1962, wa kununua ekari milioni moja kutoka kwa walowezi, uliwapa mashamba takriban familia 35,000. Mwaka 1964 mbegu ya mahindi chotara aina ya 611 ilitolewa kutoka Kitale, na mwaka huo huo mamlaka ya KTDA iliundwa ili kuwawezesha wakulima wadogo kukuza majani chai. Rais mwenyewe hakuchoka kuwahimiza wananchi warudi mashambani.

Sifa hizo zina upande wa pili. Mashamba ya mpango huo hayakutolewa bure. Wakulima waliyapata kwa mkopo. Mashamba mengine makubwa yaliishia mikononi mwa wakubwa serikalini, ikiwemo familia ya Rais. Kaggia, aliyekula chakula cha Kenyatta huko Lokitaung, alidai wasio na ardhi wagawiwe bila malipo. Mwaka 1964 alipoteza unaibu waziri, na mwaka 1966 akajiunga na chama cha upinzani cha KPU.

Kwa Turkana, pigo lilitokana na maandishi. Waraka Rasmi Nambari 10 wa mwaka 1965, ulioandaliwa chini ya Waziri wa Mipango Tom Mboya na kutolewa kwa idhini ya Kenyatta, ulielekeza fedha za maendeleo zipelekwe mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme. Kwa hesabu za biashara, hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Taifa changa lenye fedha haba lilitaka kila shilingi irudi na faida. Lakini kwa kipimo hicho Lodwar na Kakuma zilikuwa zimeshindwa kabla ya shindano kuanza.

Si kwamba hakuna kilichojaribiwa. Kwa msaada wa wafadhili, miradi ya unyunyiziaji ilianzishwa kando ya Turkwel, ukiwemo wa Katilu. Ilitumia fedha nyingi, ikategemea utaalamu wa kutoka nje, na wafadhili walipopunguza mkono mifereji ikachakaa. Mwaka 1975 Kenyatta aliliondolea Ziwa Rudolf jina la kikoloni, likaitwa Turkana. Jina lilirudi kwa wenyewe, lakini barabara, maji na mafunzo ya kilimo vilibaki haba.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Miaka ya 1980, huko Lokitaung alikokuwa mfungwa, wakulima walijenga kwa udongo makinga ya kunasa maji ya mvua ili kupanda mtama. Ni hifadhi ile ile iliyochukiwa Murang'a, safari hii ikinufaisha moja kwa moja aliyeijenga.

Kakuma nayo ilipata kambi ya wakimbizi mwaka 1992, na baadaye makazi ya Kalobeyei yakafuata jirani yake. Huko wakimbizi na wenyeji hukuza mchicha, kunde na bamia katika vitalu vilivyochimbwa chini ya usawa wa ardhi ili visipoteze maji. Katiba ya 2010 ilianzisha Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyotengwa, na tangu 2013 kilimo cha Turkana kinasimamiwa na serikali ya kaunti kutoka Lodwar.

Kenyatta aliacha taifa lililojua kupanda chai, kahawa na mahindi ya kisasa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini aliyeonja ukavu wa Turkana kwa miaka minane, akiwa mfungwa kisha kizuizini, aliongoza serikali iliyoamini kwamba ardhi yenye mvua ndiyo pekee inayostahili mtaji. Makinga ya Lokitaung na vitalu vya Kakuma vinaonyesha kuwa hesabu hiyo iliacha jambo moja nje: tone moja la maji likihifadhiwa vyema, nchi kavu nayo hulipa.