Maria Goeppert Mayer: Hesabu iliyosubiri leza kwa miaka 30

Katika vipindi vyetu vya sayansi tumeitaja leza mara nyingi, ile nuru kali na nyembamba inayotumika hospitalini kutibu macho na viwandani kukata vyuma. Safari hii tunawaletea maisha ya mwanamke aliyepiga hesabu ambayo ilikuja kuthibitishwa kwa leza, wakati leza yenyewe ilikuwa bado haijaundwa.

Maria Goeppert alizaliwa mwaka 1906 katika mji wa Kattowitz, wakati huo Ujerumani, leo Katowice nchini Poland. Alikulia Göttingen, ambako baba yake alikuwa profesa wa tiba ya watoto. Mwaka 1924 aliingia chuo kikuu kusoma hisabati, kisha akavutwa na fizikia mpya ya atomu chini ya Max Born.

Tasnifu yake ya udaktari, mwaka 1930, ilishughulikia swali moja. Nuru huja kwa vipande vidogo vidogo viitwavyo fotoni. Elektroni ndani ya atomu ikimeza fotoni yenye nguvu ya kutosha, hupanda ngazi ya juu. Je, fotoni moja isipotosha?

Chukueni mfano wa gunia la mahindi. Mtu mmoja hawezi kulinyanyua. Akija, akashindwa na kuondoka, kisha akaja mwingine, gunia litabaki palepale. Lazima washike wote wawili kwa wakati mmoja. Maria alionyesha kwa hesabu kwamba atomu inaweza kumeza fotoni mbili kwa pamoja. Tatizo ni kwamba katika nuru ya kawaida fotoni ziko mbalimbali mno, na ni nadra sana mbili kukutana. Lakini ukizidisha ukali wa nuru mara 10, tukio hilo huongezeka mara 100. Taa ya kufanya hivyo haikuwepo, kwa hiyo hesabu ikabaki kwenye karatasi.

Mwaka huohuo aliolewa na Joseph Mayer, mwanakemia wa Marekani aliyekuwa amepanga chumba nyumbani kwao, wakahamia Baltimore. Huko mume alipewa kazi ya ualimu wa chuo kikuu. Mke, mwenye shahada ya udaktari iliyopitishwa na watahiniwa... la, na watahini watatu ambao wote walipata Tuzo ya Nobel kwa nyakati tofauti, alipewa kazi ndogo ya kushughulikia barua za Kijerumani. Vyuo vingi havikutaka kuajiri mume na mke pamoja. Tunaona huo ulikuwa udhalimu, hata kama sheria ya wakati ule iliuruhusu. Yeye aliendelea kufundisha na kutafiti bila mshahara.

Hata Chicago, alikofika mwaka 1946, chuo kikuu kilimpa cheo cha profesa bila kumlipa. Riziki yake ilitoka kwenye kazi ya nusu siku katika maabara ya Argonne. Ni katika miaka hiyo alipogundua kwamba protoni na nyutroni ndani ya kiini cha atomu zimejipanga kwa matabaka, mfano wa kitunguu.

Mshahara kamili wa profesa aliupata mwaka 1960 huko San Diego. Muda mfupi baadaye alipatwa na kiharusi, lakini hakuacha kazi.

Mwaka huohuo wa 1960 leza ya kwanza iliwaka, pia California. Mwaka uliofuata watafiti wa maabara za Bell walielekeza leza kwenye fuwele, wakaona fotoni mbili zikimezwa kwa pamoja, kama alivyopiga hesabu. Leo hadubini zinazotumia njia hiyo huchungulia seli hai ndani ya ubongo.

Mwaka 1963 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi ya matabaka ya kiini, mwanamke wa pili baada ya Marie Curie. Alifariki Februari 1972. Kipimo cha umezaji wa fotoni mbili kinaitwa GM, herufi za majina yake mawili ya ukoo, Goeppert na Mayer.