Habari za Tabibu Archibald Menzies

Bwana huyu alizaliwa mwaka wa 1754 karibu na Aberfeldy, nchi ya Scotland. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya bustani, kisha akaenda Edinburgh kusoma utabibu, na huko John Hope akamfunza elimu ya mimea. Mwaka wa 1782 aliingia katika manowari za Mfalme wa Uingereza awe msaidizi wa tabibu, na mwaka huo huo akahudhuria vita vya Saintes baina ya Waingereza na Wafaransa.

Lakini safari iliyompa jina ni ile ya merikebu Discovery, iliyotweka Aprili 1791 chini ya nahodha George Vancouver, kwenda kupima pwani ya magharibi ya Marekani ya Kaskazini. Menzies hakupanda kwa utabibu, bali kwa kukusanya mimea, na maagizo yake aliyapata kwa Sir Joseph Banks wa London. Juu ya sitaha ya shetri kukajengwa kijumba cha vioo cha kuwekea miche hai. Hapo ndipo ilipoanzia fitina: nahodha aliona mahali pake pa kusimama pameliwa na majani, na ya kuwa chomboni mwake mna mtu atumikiaye bwana mwingine aliye mbali. Wana wa pwani hawahitaji kuelezwa hali ya chombo chenye amri mbili.

Mwaka wa 1792 tabibu wa merikebu akaugua, Menzies akatwikwa kazi zote mbili. Februari 1794 akapanda mlima Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii, penye theluji na baridi kali, na kwa kipimo cha hewa akapata urefu wa futi 13,634. Wapimaji wa siku hizi wamepata futi 13,679. Tofauti ni ndogo mno.

Walipofika Chile mwaka wa 1795, yasimuliwa kuwa katika karamu ya liwali ziliandaliwa kokwa za mti mgeni kwake. Akatia chache mfukoni, akazipanda chomboni.

Julai mwaka huo, wakirejea kwao, nahodha akamwondoa mtumishi aliyeangalia kijumba, akampa zamu ya merikebu. Kijumba kikabaki wazi, mvua kubwa ikanyesha, miche mingi ikafa. Menzies akamwendea nahodha kwa hasira, naye akayahesabu maneno yake kuwa ni ufidhuli, akamtia chini ya ulinzi ili ahukumiwe. Kwa kweli uchungu wake ulikuwa wa haki, kwani amana ya miaka minne ilikuwa imepotea; lakini baharini hapana amri ila ya nahodha. Baadaye akaomba radhi, na mashtaka yakaondolewa.

Miche mitano ya kokwa zile ilifika hai katika bustani ya Kew. Menzies akafa London mwaka wa 1842, naye mti mmoja katika hiyo ukaishi hata mwaka wa 1892.