John Allen: Fundi aliyejenga milima na madaraja ya reli ndani ya nyumba

SIKU kumi tu baada ya John Allen kufariki, moto ulizuka katika nyumba yake mjini Monterey, jimbo la California, Marekani, na kuteketeza sehemu kubwa ya milima, makorongo na madaraja ya reli aliyoyajenga kwa mikono yake kwa zaidi ya robo karne.

Milima hiyo yote ilikuwa ndani ya chumba kimoja. Madaraja yalikuwa ya vijiti na plasta, na injini zilizopita juu yake zingeweza kubebwa kiganjani. Lakini aliyeona picha zake bila kuambiwa lolote angeapa kwamba ni za reli halisi iliyopasua milima ya magharibi mwa Marekani.

John Whitby Allen alizaliwa Julai 2, 1913, mjini Joplin, jimbo la Missouri. Ugonjwa alioupata katika ujana wake ulimwachia moyo dhaifu, na udhaifu huo ukawa mwenzake wa safari hadi mwisho wa maisha yake.

Alipokua alishika kazi ya upigaji picha jijini Los Angeles. Alikuwa mwangalifu wa fedha. Alichokipata alikiwekeza, na angali kijana aliweza kuacha ajira na kuishi kwa kiasi kwa kutegemea faida ya uwekezaji huo. Hakuoa, wala hakutafuta maisha ya anasa. Mnamo 1946 alihamia Monterey, mji wa pwani ya Bahari ya Pasifiki, na huko ndiko alikoanza kazi iliyompa jina.

Kazi hiyo ilikuwa ujenzi wa reli za mfano. Kwa wasioufahamu, huu ni uraibu wa watu wazima kuunda reli ndogo inayoendeshwa kwa umeme, pamoja na stesheni, nyumba, vilima na madaraja yake. Kipimo alichokitumia Allen ni cha moja kwa 87. Kwa kipimo hicho, mtu mwenye urefu wa mita 1.74 huwa na sentimita mbili tu, na nguzo ya mbao yenye upana wa sentimita 30 hugeuka kijiti cha milimita tatu na nusu hivi.

Reli yake ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kutosha juu ya meza. Aliiita Gorre & Daphetid. Jina hilo likitamkwa kwa Kiingereza husikika kama maneno yenye maana ya kutapakaa damu na kushindwa. Allen alipenda mzaha wa aina hiyo. Safu yake ya milima aliipa jina la Akinbak, ambalo kwa msikilizaji wa Kiingereza ni maumivu ya mgongo, na bila shaka mgongo wa mjenzi aliyeinama siku kutwa uliyajua maumivu hayo. Isitoshe, miongoni mwa injini zake mlikuwa na mnyama wa kale, dinosau mwenye mapanga mgongoni, aliyepewa kazi ya kusukuma mabehewa.

Utani huo haukuwa ishara ya uzembe. Mnamo 1948 banda la injini alilolijenga lilishinda tuzo katika mashindano ya jarida la Model Railroader, lililosomwa sana na waraibu wa reli hizo. Wakati huo wengi waliridhika na majengo yaliyong'aa kana kwamba yametoka dukani asubuhi hiyo. Banda la Allen lilionekana limefanyiwa kazi miaka mingi na kunyeshewa miaka mingi.

Hapo ndipo ulipokuwa upekee wake. Allen alitambua kwamba kitu huaminika kinapobeba alama za wakati. Moshi huacha weusi juu ya mlango wa banda. Maji ya mvua hushusha kutu ukutani kwa michirizi, wala hayaipaki kila mahali kwa usawa. Mbao zilizopigwa na jua hufifia na kuwa za kijivu. Mbinu hiyo ya kuchakaza kwa makusudi, kwa rangi nyepesi na vumbi, ilikuwapo kabla yake, ila ni yeye aliyeifanya itamaniwe na wengi.

Mapema katika miaka ya 1950 alianza kuijenga reli yake ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho na kubwa kuliko zote. Ilijaa chumba cha chini ya nyumba yake, chenye ukubwa wa takriban futi 23 kwa 32. Ile ndogo ya kwanza hakuitupa, bali aliiingiza ndani ya hii kubwa, ikawa kipande kimoja cha nchi pana yenye miji ya Gorre, Daphetid, Great Divide na Port.

Wajenzi wengi huanza na meza, kisha hupandisha vilima juu yake. Tatizo la njia hiyo ni kwamba ardhi haishuki chini ya reli, na pasipo bonde hakuna haja ya daraja. Allen alifanya kinyume. Aliiacha ardhi ishuke hadi sakafuni na milima ipande kuelekea dari. Korongo lenye kina cha sentimita 60 ndani ya chumba ni sawa na korongo la mita 52 katika nchi halisi. Reli ilipolifikia, haikuwa na budi kuvushwa.

Ndivyo yalivyozaliwa madaraja ya korongo la Devil's Gulch, mahali palipopigwa picha mno katika himaya yake. Madaraja kadhaa yalilikatiza kwa vimo tofauti, moja likionekana nyuma ya jingine, na jicho la mtazamaji likazama kwenye kina kabla ya kukumbuka kwamba limo ndani ya nyumba.

Mjenzi wa daraja la mfano hukabiliwa na jambo la ajabu. Injini yake ina uzito wa gramu mia chache, na ubao mmoja mwembamba ungetosha kuivusha. Kwa hivyo, nguzo zote anazozisimamisha hazibebi chochote cha maana. Anayehitaji kushawishika ni mtazamaji, naye hata kama hakusomea uhandisi amepita chini ya madaraja na kuvuka juu yake maishani. Akiona nguzo nyembamba mno, au mhimili mrefu uliokosa cha kuuegemeza, moyo wake hukataa.

Kwa sababu hiyo, fundi stadi hulijenga daraja kana kwamba litabeba tani mia. Katika daraja la nguzo za mbao, nguzo za kati husimama wima na zile za pembeni huinama kidogo kwa nje, mithili ya mtu aliyepanua miguu ili asiyumbishwe na upepo. Mbao za mshazari huzifunga ili zisipinde. Katika daraja la mawe, mzigo hutelemka kupitia tao hadi kwenye kuta za kando, hivyo kuta hizo sharti ziwe nene na zikite mwambani. Daraja la chuma nalo hupata nguvu zake katika pembetatu, kwani umbo hilo halilegei kirahisi likisukumwa. Fundi akiruka hatua moja, garimoshi lake litavuka salama, lakini hakuna atakayeamini kwamba limevuka.

Allen aliongezea ujuzi wa mpiga picha. Aliweka vioo mahali palipofichika ili bonde fupi lionekane refu na barabara ya mji iendelee mbali. Majengo ya nyuma aliyapunguza kimo kuliko ya mbele, na umbali wa hatua chache ukawa kilomita kadhaa. Picha zake zilitumika katika matangazo ya kampuni ya Varney iliyounda injini za mfano, na kupitia magazeti zikawafikia watu ambao kamwe hawangefika Monterey.

Waliobahatika kufika hawakwenda kutazama tu. Marafiki walikutana kwake kuyaendesha magarimoshi kwa ratiba, kila mtu na wajibu wake, kama wafanyakazi wa shirika la reli. Allen pia alibuni mchezo wa kupanga mabehewa kwenye njia fupi, uitwao Timesaver, ambao maelezo yake yalichapishwa mnamo 1972 na ambao unachezwa hadi leo.

Kufikia wakati huo alikuwa karibu na umri wa miaka 60 na reli yake ilikuwa haijakamilika. Januari 6, 1973, moyo ule dhaifu ulisimama.

Waliompenda walikuwa bado katika majonzi na maswali kuhusu hatima ya kazi yake pale moto wa bahati mbaya ulipoyajibu maswali hayo. Mbao zilizokaushwa na miaka hazikuhitaji muda mrefu. Ile reli ndogo ya 1946, iliyohifadhiwa kwa upendo katikati ya ile kubwa, ilimo humo pia. Chema hakidumu, walinena wahenga, na safari hii hakikusubiri hata arobaini ya mwenyewe.

Hata hivyo, moto haukuweza kufika palipokuwa pamekwisha kufikiwa na picha. Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa Model Railroader na ambaye alizaliwa mwaka mmoja na Allen, alitumia miaka yake ya mwisho kukusanya picha na maelezo ya reli hiyo. Yeye naye alifariki mnamo 1980 na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Wajenzi wa vizazi vilivyofuata, akiwemo George Sellios wa jimbo la Massachusetts, waliivutiwa kazi hiyo na kujenga miji yao midogo yenye kuta zilizochakaa.

Allen hakuacha mtoto, na chumba chake kiligeuka majivu. Lakini mtu popote duniani anapokaa usiku mezani, akakikata kijiti cha milimita tatu na kukiinamisha kidogo kwa nje kabla ya kukigundisha, ili daraja lisilobeba kitu lisimame kama linalobeba tani mia, anaifuata njia aliyoipasua mtu wa Monterey.